Modeli ya shamba la upepo haikubaliani na data? Usianze kwa kugusa k

Hii ni kwa wale mnaoendesha PyWake, FLORIS, WAsP au OpenFOAM (programu za kuhesabu upepo na umeme wa shamba la upepo) afu mnakuta namba za modeli hazifanani na umeme uliotoka kweli shambani. Wengi wakiona tofauti wanakimbilia k, yani ile namba inayosema weki inatanuka haraka kiasi gani nyuma ya mtambo (weki ndo ule upepo uliopungua kasi na kuvurugika baada ya kupita kwenye mapanga), na wanaikimbilia kwa sababu ukiisogeza kidogo tu matokeo yanahama mbali.

Chukua modeli ya Jensen ya mwaka 1983 kutoka Risø, Denmark, ambayo mpaka leo inatumika kila mahali. Upungufu wa kasi ni (1 − √(1−Ct)) mara (D/(D+2kx)) kipeo cha pili, ambapo D ni kipenyo cha rota (duara la mapanga), x ni umbali kwenda nyuma, na Ct ni namba inayopima nguvu ambayo rota inaukinga nayo upepo. Weka Ct 0.8, mtambo wa pili uwe nyuma kwa D 7, yani vipenyo saba. Kwa k 0.075 ambayo watu wameizoea nchi kavu, upepo unapungua 13%. Kwa k 0.04 ya baharini unapungua 23%. Sasa umeme unaenda na kasi kwa kipeo cha tatu kabla mtambo haujafika kiwango chake cha juu, kwa hiyo ule mtambo wa pili unapoteza 34% au 54% kutegemea tu umechagua namba ipi. Mwanya mkubwa namna hiyo unaweza kuficha kosa lolote, uzito wa hewa uliokosewa, saa zilizohama, ramani iliyosogea, vyote vinaingia humo na grafu inapendeza, afu modeli hiyohiyo ukiipeleka shamba jingine inakudanganya na hujui kwa nini. Ndo maana nasisitiza k iwe kitu cha mwisho kabisa.

Kabla ya chochote achana na jumla ya mwaka. Chukua tofauti kati ya modeli na data uichore mara nne: kwa mwelekeo wa upepo, kwa saa ya siku, kwa kasi ya upepo, na kwa kila mtambo peke yake. Umbo la hiyo tofauti ndo linakuambia uende wapi.

Modeli iko juu pande zote, hasa kasi za katikati

Angalia uzito wa hewa kwanza. Jedwali la nguvu la mtengenezaji kwa kawaida limeandikwa kwa kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, yani usawa wa bahari na joto la nyuzi 15. Milima ya Ngong iko kama mita 2,400 juu ya bahari na hewa yake iko kwenye 0.92 hivi, kwa hiyo kila mita ya mraba ya rota inapata robo pungufu ya nguvu kwa kasi ileile. Ukisahau hilo modeli yako itazidi kwa theluthi nzima kati ya kasi ya 6 na 10, na kwa bahati mbaya inafanana sana na hasara ya weki ukiangalia wastani tu.

Ila kuna kosa la pili linalozaliwa na kurekebisha la kwanza. Mtu anachukua jedwali zima anazidisha na 0.75. Hapo mtambo wa Vestas V52 wa kW 850 hautafika 850 milele kwenye modeli, utaishia 638, wakati mtambo wenyewe mlimani unafika vizuri tu, ila unahitaji upepo mkali zaidi. Kwa mitambo inayogeuza pembe ya mapanga sahihisha kasi badala ya nguvu: zidisha kasi na mzizi wa tatu wa 0.92/1.225, inakuja 0.909, yani upepo wa mita 10 kwa sekunde usomwe kwenye jedwali kama 9.1. Na usitumie uzito mmoja mwaka mzima kama una joto na shinikizo kwenye skada (mfumo unaorekodi data za mitambo), hesabu kila dakika 10.

Kama tofauti bado ipo angalia kama mtambo ulikuwa huru kuzalisha. Kenya usiku wa manane matumizi yanashuka na mashamba ya upepo yanaambiwa yapunguze, na data ya namna hiyo ukiiacha ndani modeli itaonekana inazidi wakati haina kosa. Usitegemee safu ya alama za hitilafu peke yake kwa sababu mara nyingi haijazwi vizuri. Tazama pembe ya mapanga: mtambo ukiwa huru na uko chini ya kiwango chake cha juu mapanga yanakaa karibu na sifuri, ukibanwa mapanga yanafunguka huku umeme uko chini. Ukichora umeme dhidi ya kasi utaona mstari wa kulala, mfano kW 400 kwa kasi kuanzia 8 mpaka 13, na ukizipa nukta rangi kwa pembe ya mapanga huo mstari unajitenga wenyewe. Toa hizo zote. Afu kumbuka mtambo wa mbele ukibanwa Ct yake inashuka na mtambo wa nyuma unapata upepo mzuri kuliko kawaida, kwa hiyo hicho kipindi kitoe kwa mitambo yote miwili.

Tofauti inakaa kwenye pande fulani tu

Hapa ndo kuna kazi, na hapa ndo makosa mengi yanajificha.

Kwanza kaskazini ya kila mtambo. Ile namba ya mwelekeo inayoandikwa na kichwa cha mtambo haina uhakika, ilipangwa siku mtambo unasimikwa na inaweza kuwa imehama, na kila mtambo una kosa lake. Kuijua ni rahisi na haihitaji kifaa chochote. Chukua mitambo miwili jirani, chuja kasi kati ya 7 na 9, gawanya umeme wa mtambo wa nyuma kwa wa mbele, chora kwa mwelekeo wa digrii moja moja. Utaona shimo, na katikati ya hilo shimo panatakiwa pawe palepale ambapo mstari wa kuunganisha mitambo hiyo miwili unaelekea kwenye ramani. Tuseme ramani inasema digrii 118 na shimo liko 131, basi kaskazini ya mtambo huo imezidi kwa 13, punguza. Fanya kwa jozi kadhaa ndo uamini. Fanya pia kwa miezi tofauti, kwa sababu fundi akibadilisha kifaa namba inaruka ghafla na utapata mashimo mawili badala ya moja.

Pili ramani. Hili ni la kwetu Afrika Mashariki na watu waliosomea Ulaya hawalitegemei. Ramani za zamani za 1:50,000 za Kenya na Tanzania ziko kwenye Arc 1960, vifaa vya GPS vinatoa WGS84, na kati ya mifumo hiyo miwili kuna mita 300 hivi, nyingi yake kaskazini-kusini. Kwa rota ya mita 52 hiyo ni karibu D 6. Mitambo yote ikihama pamoja weki kati yao hazibadiliki, kwa hiyo huoni kitu ukitazama mpangilio, ila mitambo inatoka juu ya kilele na kukaa kwenye mteremko wa ramani na modeli inawapa upepo usio wao. Ikiwa nusu ya mitambo imepimwa upya na nusu ni ya michoro ya zamani, ndo balaa lenyewe. Na ikweta inapita Kenya: kwenye UTM, ule mfumo wa ramani wa kupima kwa mita, Loiyangalani iko kanda ya 37 kaskazini, Ngong iko kanda ya 37 kusini ambako wanaongeza 10,000,000 kwenye namba ya kaskazini. Fungua mitambo yako juu ya picha ya setilaiti, kila nukta ikae juu ya msingi wa mtambo unaouona, ndo uendelee.

Shimo la weki kwenye modeli ni refu na jembamba, kwenye data ni fupi na pana

Jumla ya duara zima inakubaliana lakini upepo ukinyooka na safu modeli inasema mtambo wa pili umepoteza nusu na data inasema theluthi. Watu wakiona hivi wanapandisha k. Wasifanye hivyo. Horns Rev 1 pale magharibi ya Denmark, mitambo 80 ya V80 iliyosimama mwaka 2002 kwa nafasi ya mita 560 yani D 7, ndo imechunguzwa kuliko karibu shamba lolote duniani kwenye hili, na kilichoonekana ni kwamba sehemu kubwa ya hilo tofauti inatoka kwenye mwelekeo wenyewe. Ndani ya dakika 10 upepo hautulii kwenye digrii 270, unacheza huku na huku, kipimo nacho kina kosa lake, na mnara wa vipimo uko mbali na mtambo, kwa hiyo unachokiita 270 kwenye data ni mchanganyiko wa 260 mpaka 280. Modeli inajibu kwa 270 kamili. Endesha modeli kwa kila digrii moja, afu chukua wastani wenye uzito wa kengele (Gaussian) kuzunguka mwelekeo unaoutaka, mtawanyiko wa kama digrii 5, ndo ulinganishe. Mara nyingi shimo linafupika na kupanuka lenyewe bila k kuguswa.

Ukitaka kuijua hali hii iko upande gani, linganisha upana wa digrii 5 afu upana wa digrii 30. Kama kwa 30 mnakubaliana na kwa 5 hamkubaliani, ni mwelekeo. Kama hata kwa 30 hamkubaliani, weki yenyewe ina tatizo.

Tofauti inakuja kwa saa maalum

Kama umbo la siku nzima limesogea kwa saa 3 kamili ni wakati wa dunia dhidi ya wakati wa Afrika Mashariki, ERA5 (data ya hali ya hewa ya dunia nzima iliyokokotolewa kwa modeli) iko wakati wa dunia. Kama limesogea dakika 10, skada moja inaandika mwanzo wa kipindi na nyingine mwisho. Na kama kuna matukio yamehama kwa saa 6, angalia daftari la zamu: fundi kaandika saa tisa usiku akimaanisha saa tisa yetu, aliyeingiza kwenye kompyuta kaandika 09:00, kumbe ni 03:00. Hilo la mwisho linaathiri vipindi vya matengenezo, unatoa data nzuri na kuacha mbovu.

Kama saa ziko sawa na bado usiku modeli inapoteza kidogo kuliko data, hiyo ni hali ya hewa kutulia. Mchana jua linapasha ardhi, hewa inapanda na kushuka, weki inachanganyika na upepo mzima wa pembeni na kupona haraka. Usiku ardhi inapoa, mchanganyiko unakufa, weki inakwenda mbali. Kwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, hili linahusu sana kwa sababu ule mkondo wa upepo unaopita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya una nguvu zaidi usiku kuelekea asubuhi na unalegea alasiri, yani saa za upepo bora ndo haohao weki zinarefuka. Hapo k moja kwa siku nzima haiwezi kuwa sahihi hata uisogeze vipi, gawanya mchana na usiku.

Kwenye mkondo kama huo usiamini pia ile kanuni ya kipeo 1/7 ya kupandisha upepo kwa kimo. Mkondo una pua, kasi inapanda mpaka kimo fulani afu inaanza kushuka, kanuni yenyewe inaendelea kupandisha tu. Pima kwa laida (kifaa kinachopima upepo kwa mwanga wa leza) mpaka ncha ya juu ya mapanga, usikisie.

Hakuna mnara, umetumia ERA5, na upepo ni mdogo kuliko ukweli

Gridi ya ERA5 ni kama kilomita 31, milima inalainishwa, na bonde linalobana upepo linapotea. Vipimo vya maputo vilivyofanyika Marsabit mwaka 2021 vilionyesha mkondo wa Turkana kuwa na nguvu kuliko unavyotoka kwenye data za namna hii. Ukikosea upepo mwanzoni hakuna modeli ya weki itakayokuokoa. Tumia ERA5 kujua mwaka huu ulikuwa mzuri au mbaya ukilinganisha na miaka mingine, kasi yenyewe ichukue kwenye kipimo cha pale pale.

Safu ya mbele yenyewe inazalisha pungufu

Safu ya mbele haina weki, kwa hiyo k haihusiki kabisa, na ukiizungusha ili jumla ikae sawa unaharibu safu za nyuma. Shamba zima linausukuma upepo kabla haujafika, upepo unapungua kidogo na kupanda juu na pembeni. Oktoba 2019 Ørsted, kampuni kubwa ya mashamba ya baharini, iliwatangazia wawekezaji kwamba modeli zake zilikuwa zinapunguza mno athari hii pamoja na ya weki, na ikashusha makadirio ya uzalishaji. Kwa hiyo si jambo dogo la kupuuza. Modeli nyingi za kawaida zinahesabu kwenda nyuma tu, hazijui kitu kinachotokea mbele. PyWake ina chaguo la kuhesabu na mbele, liwashe. Na kama kipimo chako cha upepo huru kiko D 2 au 3 mbele ya safu, kipimo chenyewe kiko ndani ya eneo lililozuiwa, kwa hiyo modeli na data zinaweza kukubaliana vizuri wakati wote wawili wamekosea kwa kiasi kilekile.

Safu mbili za kwanza sawa, kuanzia ya tatu modeli ina matumaini mengi

Angalia unajumlishaje weki. Kujumlisha kwa miraba na kujumlisha moja kwa moja kunatoa majibu tofauti sana ukifika safu ya tano. Angalia pia kama modeli inaongeza msukosuko unaotengenezwa na mitambo yenyewe. Mitambo ikibanana sana, kama Lillgrund ya Sweden ambako baadhi ya nafasi ni D 3.3 tu, mtambo wa pili unapoteza zaidi ya nusu upepo ukinyooka na safu, na hapo uko karibu mno na rota kiasi kwamba Jensen hana la kusema, tumia modeli ya kengele ya Bastankhah na Porté-Agel ya mwaka 2014 na bado uwe na tahadhari.

Unaendesha OpenFOAM na upepo unabadilika kabla ya kufika mtambo wa kwanza

Toa mitambo yote, weka ardhi tambarare, endesha boksi tupu. Upepo uliouingiza mlangoni utoke vilevile upande wa pili. Wengi hawafanyi jaribio hili na ni la muhimu kuliko yote kwenye kazi ya namna hii. Kama kasi ya chini inapanda au msukosuko unakufa njiani, mkwaruzo wa ardhi uliouandika mlangoni haufanani na ule wa ukutani, yani sakafu ya boksi. Baadhi ya kanuni za ukuta zinataka mkwaruzo wa chembe za mchanga ambao ni kama mara 20 mpaka 30 ya z0 (kipimo cha mkwaruzo wa ardhi), kwa hiyo z0 ya mita 0.1 inakuwa mita 2 mpaka 3, na katikati ya seli ya kwanza pawe juu ya hapo. Mtu anayebana seli za chini mpaka sentimita 20 akidhani anaongeza usahihi ndo anaharibu.

Boksi tupu likikaa sawa, rudisha mtambo mmoja. Weki ikipona haraka mno, na unatumia modeli ya msukosuko ya k-epsilon ya kawaida (k hiyo si ile ya weki), hiyo tabia inajulikana miaka mingi, inatengeneza msukosuko mwingi kupita kiasi karibu na rota. DTU, chuo kikuu cha ufundi cha Denmark, wana toleo lao lililorekebishwa kwa ajili ya hilo. Ila kabla ya kulaumu msukosuko hesabu seli ndani ya kipenyo: meshi (wavu wa seli za hesabu) ya mita 20 kwa rota ya mita 52 ni seli mbili na nusu, hapo weki inakufa kwa meshi tu. Pata angalau 8 mpaka 10.

Mlimani, modeli inasifu kilele na data inakataa

WAsP inahesabu kwa kudhani mteremko ni mpole na upepo haubanduki ardhini. Ukipita kama digrii 17 hiyo dhana inavunjika, upepo unabanduka nyuma ya kilele na ukingo kama ule wa Ngong unaotazama Bonde la Ufa una sehemu zinazopita hapo mbali. Mtambo mmoja ukiwa chini kila mwaka na majirani wako sawa, tazama nyuma yake na mbele yake kwenye mistari ya kimo kabla hujafikiria weki.

Umemaliza yote na bado

Sasa gusa k, ila usiikisie. Ifunge kwenye msukosuko uliopima: kwa Jensen k ya kama 0.4 mara ukali wa msukosuko inaanza vizuri, yani msukosuko wa 10% unakupa 0.04 na wa 18% unakupa 0.072, na utaona ile 0.075 ya nchi kavu si sheria, nchi kavu yenye usiku mtulivu inaweza kukaa karibu na bahari. Rekebisha kwa nusu ya data, chagua wiki moja ndani wiki moja nje ili misimu yote iwe pande zote mbili, jaribu kwenye nusu ambayo haijaguswa, na uandike tofauti iliyobaki kwa kila mwelekeo badala ya namba moja ya mwaka. Kama k uliyoipata iko chini ya 0.02 au juu ya 0.12, rudi kwenye kaskazini za mitambo na uzito wa hewa.